Ephraim Mutuku na Kiti cha Kando ya Uzio

Wapendwa mliofika, hicho kijitabu mlichopewa getini kifungeni kwanza. Ukurasa wa tatu umeandikwa kwamba marehemu "alipenda magari", na mistari michache chini yake imeandikwa kwamba ugonjwa wake "ulitokana na maumivu ya mgongo yaliyoletwa na michezo". Hayo ni maneno ya kamati ya mazishi. Wasifu wenyewe ni huu. Umeandikwa na dada yake, Jemimah, ambaye ndiye anayeusoma, naye atajitaja kwa jina kama wengine wote kwa sababu leo si siku yake. Kamati ilimwomba asome yaliyochapwa, akakataa. Mwezi uliopita, Ephraim akiwa kitandani hospitalini, alimwambia: "Jemimah, usiwaache wanizike wakisema gari ndilo lililoniua. Marion atakua akiamini hivyo." Marion ni binti yake. Ana miaka mitano, na ndiye huyo hapa mbele mwenye koti jekundu. Kwa ajili yake mtavumilia baridi ya Buffalo kidogo.

Ephraim Mutuku alizaliwa tarehe 9 Februari 1979, karibu na Wote, ambako siku hizi ni Kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Alikuwa kitinda mimba wa marehemu Mzee Mutuku Ngila, aliyekuwa mzee wa kanisa, na Mama Margareta Nduku. Mbele yake walitangulia kaka yake Musembi na dada yake Jemimah. Alikuwa mtoto mpole nyumbani na mtundu njiani. Jumapili ya Pasaka ya mwaka 1988, mahubiri yakiwa yamepamba moto, magari ya rali yalisikika yakija kwa barabara ya vumbi iliyopita chini ya kanisa. Watoto wengine walishikilia mabenchi yao. Ephraim alipita dirishani. Alirudi wakati wa baraka, mwekundu wa vumbi kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, akasimama mlangoni akitabasamu, na pasta aliyekuwa ameinua mikono kubariki watu akashindwa kujizuia, akacheka. Baba hakucheka. Alimchapa jioni ile, na Musembi, aliyekuwa kijana wa sekondari, ndiye aliyeshika miguu. Ephraim alipokuwa akisimulia kisa hiki hapa Marekani, alikuwa akikiishia pale pasta alipocheka. Habari ya miguu imeongezwa na Jemimah, kwa sababu alikuwepo.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari Machakos, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997 na alama nzuri za hisabati na fizikia. Baada ya hapo alikaa nyumbani miaka kadhaa akiendesha pikapu ya Baba, akipeleka machungwa sokoni. Wenye kujua barabara za Makueni wakati wa masika watakumbuka ule udongo. Wengine walikuwa wakikwama, wanashuka, wanakata matawi, wanasukuma. Ephraim alikuwa akipita taratibu, bila kelele na bila kukanyaga breki, machungwa yote yakiwa mahali pake. Mwezi Agosti 2001 alikuja Louisville, Kentucky, kusomea uhandisi. Musembi alikuwa tayari amehamia Columbus, Ohio, na ndiye aliyemfanyia mipango yote. Hilo tunalisema wazi na tunamshukuru. Yeye mwenyewe amelisema mara nyingi, kwa hiyo tutalisema mara moja tu.

Louisville aliishi South End, usiku akipanga vifurushi kwenye ghala, mchana akisinzia darasani. Wengi wenu mnayajua maisha hayo, hayahitaji maelezo. Digrii yake aliipata Desemba 2007. Mwaka huo huo pale ghalani alimpata rafiki ambaye hakumwacha hadi siku ya mwisho. Ni huyu Sebagabo, aliyekuja kutoka milima ya Kivu Kusini kupitia kambi ya Burundi. Sebagabo alinunua gari bovu, Ephraim akamfundisha kubadilisha breki kwenye maegesho ya apatimenti, na jirani mmoja akawaitia polisi akidhani wanaiba magurudumu. Wazo la mbio lilipoingia kichwani mwa Ephraim, mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Sebagabo. Alicheka hadi akakaa chini. "Ndugu yangu," akasema, "mimi nilikimbia masasi ya vita na miguu, hakuna mutu alinipigia makofi. Huku banakimbia na gari, hakuna mwenye anabafukuza, na bantu banapiga makofi. Donc, tujaribu!"

Mwaka 2008 Ephraim alihamia Columbus, akaajiriwa kama mhandisi katika kampuni ya vipuri, kwenye idara ya breki. Alipanga nyumba ndogo mtaa wa Clintonville, akaichagua kwa sababu ya gereji yake. Mahali pa kulala alipaona baadaye.

Tarehe 18 Julai 2009, kule Louisville, alifunga ndoa na Uwase, dada yake Sebagabo. Musembi aliuliza kama wasichana wameisha Kenya. Aliuliza hivyo mbele za watu, na Uwase alikuwa jikoni akisikia. Hata hivyo posa ilifanyika, na ilikuwa na raha yake. Banyamulenge, watu wa kina Uwase, huposa kwa ng'ombe, na sisi Wakamba huposa kwa mbuzi. Basi ndani ya apatimenti moja ya South End, juu ya zulia la kijivu, watu wazima waliwasifu ng'ombe wasiokuwepo na kuwapima mbuzi wasiokuwepo, hadi Mzee Mirindi, baba mdogo wa Uwase, akauliza kwa uso wa makini kama yule mtamba mweusi ana mimba. Ephraim alijibu kwamba anadhani ana mimba, ila yuko likizo. Mzee Mirindi alicheka, na mambo yakaisha. Mwaka uliofuata walijaliwa binti yao, Marion.

Sasa tufike pale ambapo kamati ilipaita "kupenda magari".

Jamani, kupenda magari ni kuosha gari Jumamosi. Ephraim Mutuku alikuwa dereva wa mbio. Alikuwa dereva wa ridhaa, maana yake hakulipwa, bali alijigharimia kama wote wa klabu yake. Mbio zao si zile za kuzunguka duara zinazoonyeshwa kwenye televisheni. Ni mbio za njia yenye kona, kulia na kushoto, kupanda na kushuka, ambapo dereva hushindwa au kushinda kwa jinsi anavyoshika breki. Alipata leseni yake majira ya kuchipua ya mwaka 2010, katika uwanja ulio kaskazini mwa Columbus, ndani ya Mazda ndogo kuukuu ya viti viwili ambayo yeye na Sebagabo waliivua viti, zulia na redio, wakaitia vyuma vya kumkinga dereva. Sebagabo alikuwa akiendesha kutoka Louisville kila mwisho wa wiki ya mbio ili awe fundi wake. Mwaka wa kwanza Ephraim alikuwa wa mwisho karibu kila mara. Alikuwa akitoka garini akicheka, akavua helmeti, akaenda kumuuliza aliyemshinda amefanyaje pale kona ya tatu. Na yule aliyemshinda alikuwa akimwambia, kwa kuwa wale watu ndivyo walivyo.

Tatizo lilikuwa siku zenyewe. Mbio ni Jumamosi na Jumapili. Nasi tunajua Jumamosi ni ya nani. Jumamosi ni ya harambee, ya kuaga anayesafiri, ya kumpongeza aliyejifungua, ya matanga. Unakwenda kwa mwenzako ili naye aje kwako. Asiyeonekana anahesabiwa. Ephraim alikuwa akituma salamu na mchango wake, lakini uso wake haukuonekana, na kwetu uso ndio unaoandikwa moyoni. Jumapili nayo ni ya Bwana, basi akakosa pande zote mbili, kwa watu na kwa kanisa.

Mwezi Februari 2012 aliitwa nyumbani kwa Musembi, Columbus. Alidhani ni birthday ya mtoto, akaenda na zawadi. Kumbe ni kikao. Wazee walikuwa wameketi ukutani, chai imemiminwa, mandazi yamefunikwa na kitambaa. Jemimah alikuwa amesafiri kutoka Buffalo wiki hiyo, akaambiwa akae jikoni, akakaa mlangoni.

"Wewe ni engineer," Musembi alianza. "Tulikuleta huku usome, ufanye kazi, ujenge nyumbani. Sasa mtu mzima, baba wa mtoto, unashinda wikendi nzima ukizunguka msituni na wazungu. Ati mbio! Unakimbizwa na nani?"

"Kaka, kuna siku umenihitaji ukanikosa?"

"Jumamosi iliyopita ulikuwa wapi? Watu wameniuliza. Nimeaibika. Na ukifa ndani ya hilo gari, ni nani atakayempigia Mama simu? Ni mimi!"

Ephraim aliweka ile zawadi ya mtoto mezani, karibu na mandazi, akasema: "Njoo uone, kaka. Siku moja tu. Keti kando ya uzio uangalie mbio moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukishaona kwa macho yako, ukiniambia niache, nitaacha siku hiyo hiyo. Nauza gari."

Wazee wakamgeukia Musembi. Alikuwa mwenyekiti wa kila kitu pale, hakuwa na njia ya kukwepa. "Sawa," akasema. "Nitakuja."

Wazee watatu kati ya waliokuwa kwenye kikao kile wako hapa leo, na wanatikisa vichwa, kwa hiyo Jemimah hajatunga.

Wiki hiyo Ephraim alinunua kiti cha kukunja, cha turubai ya kijani. Mgongoni aliandika MUSEMBI kwa rangi nyeupe. Kila mbio kiti kile kilishushwa pamoja na vifaa, kikakunjuliwa kando ya uzio, mahali panapoonekana vizuri, na jioni kikakunjwa kikiwa hakijakaliwa na mtu. Marion, aliyekuwa ameshaanza kutembea, alikuwa akikaa chini kwenye nyasi, kando yake. Ukimwambia apande, anakuambia ni cha uncle.

Musembi hakuja majira hayo. Kulikuwa na harusi, halafu mkutano wa kanisa, halafu mgeni kutoka nyumbani. Badala yake, mwezi wa Mei, kanisa la Columbus lilimsimamisha Ephraim kwaya na Meza ya Bwana kwa kosa la kuivunja siku ya Bwana. Tangazo lilisomwa na mzee wa kanisa Musembi Mutuku. Hakuna aliyemuuliza Ephraim Jumapili yake inakwendaje kule uwanjani. Mtu angeuliza, angeambiwa kwamba Jumapili asubuhi kule kuna saa ya kimya. Ni sheria yao. Injini zote zinazimwa, hata kuzipasha moto hakuruhusiwi, ili majirani wapumzike na wenye kusali wasali. Saa ile Ephraim alikuwa akisimama kando ya Mazda yake, Sebagabo upande wa pili, Biblia juu ya boneti, wanasoma na kuomba. Madereva wengine walikuwa wakija kusimama nao, wakiwa hawaelewi neno. Mtu aliyekatazwa kushiriki Columbus alikuwa akiombea watu kaskazini mwa Columbus, na hakuna aliyejua.

Tarehe 26 Agosti 2012 mvua ilinyesha siku ya mbio. Wenzake waliteleza, wakaacha njia, wengine wakakwama kwenye matope mpaka wakavutwa. Ephraim alipita taratibu kama anapeleka machungwa sokoni. Akashinda. Mama mmoja mzungu, mzee wa kutosha kuwa bibi yake, ambaye kazi yake ilikuwa kupunga bendera kwenye kona, alimkumbatia na koti lake lote la mvua, akalia. Ephraim alimpigia simu Musembi akiwa bado amelowa. Musembi alisema vizuri, kisha akamuuliza kama amesikia habari za harambee ya Jumamosi ijayo. Simu ilipokatika Ephraim alisema, "Yuko busy," na akamsaidia Sebagabo kukunja kiti.

Mwaka 2013 yeye na familia yake walihamia hapa Buffalo, mtaa wa North Buffalo, karibu na Jemimah, baada ya kupata kazi nzuri zaidi. Mwaka 2014 alikuwa bingwa wa daraja lake katika ukanda wote wa klabu. Kikombe chake kiko kwenye ile meza. Kamati ilisema kisiwekwe karibu na picha ya marehemu. Kimewekwa.

Maumivu yalianza majira ya joto ya 2014, mgongoni, upande wa kushoto. Uwase aliyaona kabla mumewe hajayasema. Alimsihi aende kwa daktari, naye akawa anasema kesho. Mwanzoni mwa mwaka 2015 Uwase alifanya jambo ambalo mke yeyote wa kwetu angelifanya: alimpigia simu mkubwa wa nyumba. Alimwambia Musembi, "Kaka, musemeshe mudogo wako. Mimi hanisikie. Mugongo inamuumiza, na kuona docteur anakataa. Wewe ukisema, atasikia."

Musembi angeweza kumpigia ndugu yake. Hakumpigia. Alilipeleka jambo kwenye simu ya maombi.

Kwa wale wazungu waliosimama nyuma, ambao Sebagabo atawafafanulia baadaye, simu ya maombi ni hivi: kila Jumanne jioni Wakristo wetu wa Columbus, Louisville, Buffalo na kwingineko wanapiga namba moja, kila mmoja kwake, mmoja anaongoza na wengine wamezima sauti. Ephraim, pamoja na kusimamishwa, hakuwahi kuikosa. Jumanne ile alikuwa mezani kwake akimenyea Marion chungwa, simu iko kwenye spika. Jemimah alikuwa pale. Wakasikia sauti ya Musembi ikiomba: "Baba, tunamleta kwako ndugu yetu Ephraim. Mfungue kutoka kwa roho ya magari. Umeanza kumwonya kwa mgongo. Usimwachilie mpaka aache!" Na watu wakawa wanafungua sauti zao mmoja mmoja, kutoka miji yote hiyo, wakisema amina. Amina. Amina. Nyingine zilikuwa sauti za watu aliowapeleka hospitalini kwa gari lake.

Ephraim alimaliza kumenya chungwa. Akampa mtoto. Akakata simu, akamwambia Uwase kwa upole, "Kuanzia leo mgongo wangu hauumi." Na kweli, tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akilalamika. Alijua akitaja maumivu mara moja tu, hata kwa daktari, habari zitafika kwenye ile simu, na watu watasema, "Si tulimwambia!" Alikuwa na haya kubwa kuliko maumivu. Ni mtu wa kwetu tu anayeweza kuelewa jinsi mhandisi mwenye bima ya afya na hospitali karibu na kwake anavyoweza kuficha ugonjwa ili wazee wasipate la kusema.

Mbio zake za mwisho zilikuwa Jumapili, tarehe 28 Juni 2015, kwenye uwanja ulio mwendo wa saa chache kutoka Buffalo. Wikendi hiyo Musembi alikuwa hapa hapa mjini kwa kongamano la kanisa. Ijumaa alikula chakula cha jioni kwa Ephraim, akasema kwa kinywa chake, "Jumapili hii nakuja, mdogo wangu. Hii sikosi." Ephraim alikosa usingizi kwa furaha. Jumapili asubuhi, saa ya kimya, walisimama kando ya gari: Ephraim, Uwase, Marion, Sebagabo na Jemimah. Kiti kilikuwa tayari kimekunjuliwa. Ephraim alikuwa amekipangusa mwenyewe. Marion akauliza, "Is uncle coming?" Simu ikaingia ujumbe: "Nimeombwa kuhubiri. Next time, God willing." Ephraim alisoma, akampa Uwase simu. "Bon," Uwase akasema, "kikunjeni ile kiti." Ephraim akasema hapana, kiache, labda mahubiri yatakuwa mafupi.

Mvua ikaja. Alianza nyuma kidogo, akapita gari moja baada ya jingine, akamaliza wa pili, bila kuligusa gari la mtu, bila kukosa kona. Kila alipopita pale kwenye uzio kichwa chake kiligeuka kidogo upande wetu. Halafu gari likasimama na mlango haukufunguka. Sebagabo alikwenda akamtoa akiwa amemkumbatia, kwa sababu miguu ilikataa. Ephraim alikuwa anatabasamu na jasho linamtoka. "Ni mikanda imenibana," akasema. Mtu mmoja alipiga picha wakati ule. Picha hiyo ndiyo iliyozunguka kwenye WhatsApp yote ya Waafrika wa Ohio, na ndiyo iliyozaa ile sentensi ya ukurasa wa tatu.

Basi sikilizeni, na Mama Margareta, ambaye yuko Makueni anasikiliza kwenye simu aliyoshika Sebagabo, asikie vizuri. Mama, si gari. Ephraim hakuwahi kupata ajali hata moja ya kumuumiza. Mwezi Septemba 2015 aliona damu kwenye mkojo, akaenda hospitali kwa kuwa damu haifichiki. Ilikuwa saratani ya figo, na ilikuwa imeshafika kwenye mifupa na mapafu. Daktari alimuuliza maumivu yalianza lini. Aliposema mwaka uliopita, daktari aliweka kalamu chini. Uwase akauliza kama ni gari lililouleta ugonjwa, na daktari akajibu kwamba gari halina uhusiano wowote na ugonjwa huu. Akasema angekuja mapema, wangetoa figo moja, na wengi wa namna hiyo hupona. "Kwa nini hukuja?" Ephraim akacheka kidogo, akamjibu kwa Kiingereza kwamba kungeitishwa kikao. Daktari hakuelewa. Sisi tulielewa, na Jemimah alitoka nje akalia kwa hasira mpaka muuguzi akamletea maji.

Miezi iliyofuata, wale watu wa mbio walikuja. Mama wa bendera alikuja na supu, akaja tena na supu, akajifunza kusema "pole". Dereva aliyeshinda siku ile alikuja kumsomea Marion vitabu. Kutoka kwa wetu ilikuja mikono ya kuombea, ile ya manjano ya kwenye simu, mingi sana. Wachache walikuja kwa miguu yao na wanajijua, na Mungu awabariki. Musembi alituma ujumbe kila Jumapili baada ya ibada.

Swali la mahali pa kuzikwa Ephraim alilimaliza mwenyewe. Kamati ilitaka mwili upelekwe Makueni. Uwase alisema, "Baba yangu alikufa kule juu mu vita, kaburi yake sijue iko wapi. Huyu, mimi nataka nijue fasi amelala." Ephraim akasema atalala pale Uwase anapoweza kufika kwa basi. Ndiyo maana tuko hapa.

Alifariki Jumanne, tarehe 8 Machi 2016, saa tisa alasiri, katika hospitali hapa Buffalo, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Walikuwepo mkewe, Sebagabo na dada yake. Siku mbili kabla alikuwa na nguvu kidogo, akamuuliza Jemimah kile kiti kiko wapi. Jemimah akamwambia kiko gereji. Akasema, "Kipeleke makaburini. Kaka hakuweza kuja kwenye mbio, lakini mazishi yetu huwa Jumamosi. Jumamosi ya mazishi hakosi." Kisha akasema, na hakuwa akicheka, "Usimsute. Mpe tu akae."

Jemimah ameshindwa na hilo la kwanza, kama mlivyosikia. La pili atalitimiza.

Ephraim ameacha mjane wake, Uwase. Binti yake, Marion. Mama yake, Margareta Nduku. Dada yake, Jemimah. Shemeji na rafiki yake, Sebagabo. Mzee Mirindi na jamaa wote wa South End. Madereva na wapunga bendera wa klabu yake, ambao wamesimama nyuma kwa sababu hakuna aliyewakaribisha mbele. Sogeeni mbele, tafadhali. Pia ameacha kaka yake mkubwa, Musembi.

Kaka, kiti ni kile pale kulia mwa jeneza. Marion amekipangusa theluji. Jina limeandikwa mgongoni, huwezi kukosea. Njoo ukae. Simu zizimwe, isipokuwa ile ya Mama, na wenye magari barabarani wameombwa wazime injini zao. Tutaanza kumshusha utakapokuwa umeketi, na utamwangalia tangu mwanzo hadi mwisho.

Ephraim, saa ya kimya imefika. Pumzika, ndugu yetu, kwa amani.